Sakitu ya Brazil, Peugeot ya Othaya

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Julai 1975, sakitu nzito ilianguka katika jimbo la Paraná, kusini mwa Brazil. Kulipokucha, majani ya miti ya kahawa yalikuwa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Wabrazil huiita Sakitu Nyeusi mpaka leo. Brazil ndiyo iliyokuwa ikiuzia dunia kahawa nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Angola nayo ilikuwa vitani, na Uganda ilikuwa chini ya Amin. Kahawa ikawa adimu. Bei ikapanda, ikapanda tena, na kufikia Aprili 1977 ratili moja ilipita dola tatu kwenye soko la New York.

Othaya hakuna aliyekuwa amesikia jina Paraná. Lakini mwaka uliofuata guka wangu alinunua Peugeot 504.

Ukipita vijijini Tetu, Mathira, Mukurweini, au uvuke uende Kirinyaga na Embu, bado utaziona: zimeegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wamelala kwenye kiti cha nyuma, nyasi zimeota kati ya magurudumu. Watu wa rika langu wanaziona kama takataka za wazee. Mimi nimekaa chini ya mojawapo miaka kadhaa sasa, mgongo juu ya gunia, spana namba 13 mkononi, na nimefikia kuamini kwamba hayo magari ni daftari. Ukijua kusoma, yanakuambia nani alikuwa na pesa, lini ziliisha, na nani alibaki akirekebisha.

*

Tuanze na pesa. Kwa muda mrefu wa ukoloni, Mwafrika wa Nyeri hakuruhusiwa kupanda kahawa. Walowezi walisema ataharibu ubora na kueneza magonjwa ya mimea. Hofu nyingine hawakuitangaza sana: mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwenzake kwa mshahara wa mkia wa mbuzi. Meru na Embu walianza kuruhusiwa kidogo kidogo miaka ya 1930. Kwa wengi wa Nyeri mlango ulifunguka na Mpango wa Swynnerton wa 1954, tena katikati ya Hali ya Hatari, watu wakiwa wamefungiwa vijijini na wengine wakiwa kizuizini.

Guka alipanda miti mia tatu. Miaka kumi na tano ikapita kahawa ikilipa karo na mabati, basi. Halafu sakitu ikaanguka upande wa pili wa dunia. Wazee wanaikumbuka ile miaka kwa neno moja tu, "bumu". Wakati wa bumu watu walijenga nyumba za mawe. Baa ziliongezeka Karatina na Nyeri mjini. Na mwanaume aliyetaka kijiji kijue amefika alinunua Pijo, maana ndivyo sote tunavyolitamka hilo jina, Kifaransa kisitusumbue.

Kwa nini Peugeot, si gari lingine? Jibu moja ni Safari Rally. Mashindano yale yalianza 1953, na barabara za matope za kuzunguka Mlima Kenya, hasa pande za Embu na Meru, zilikuwa kaburi la magari. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza na saba tu yakafika mwisho. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Peugeot 404 ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1975, miezi michache kabla ya ile sakitu, Ove Andersson akashinda na 504. Hakuna tangazo la redio lingeshinda hilo. Mkulima alisimama kando ya barabara Pasaka, akaona gari likitoka kwenye tope alilolijua yeye mwenyewe kwa miguu, na akaamua.

Jibu la pili liko chini ya gari. 504 iko juu kutoka ardhini, springi zake ni laini na ndefu, kwa hivyo gurudumu linaingia shimoni na bodi haistuki sana. Injini yake ni ya silinda nne, kabureta na distributa, na ukifungua boneti unaona kila kitu na mkono unaingia. Ziliunganishwa Mombasa, na uunganishaji ule uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu miaka 20 baada ya Wafaransa kuacha kutengeneza ile sedan kwao. Kwa hivyo spea zilikuwepo, na kila mji ulikuwa na mtu anayeijua.

*

Huyo mtu ndiye ninayetaka tumzungumzie. Magari yalitoka Ufaransa, sawa. Mikono ilitoka wapi?

Serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi Kabete mwaka wa 1924, kikafunza Waafrika useremala, uashi na uhunzi. Gereji za mjini, hata hivyo, zilikuwa na ngazi yake: Mzungu mwenye mali au meneja, Mhindi fundi, Mwafrika "spanaboi", yaani wa kuleta spana na kuosha vyuma kwa petroli. Kuleta spana kuna faida moja: unaona kila kitu. Hata Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeshinda Safari ya 1965 na kakake Jaswant wakiwa na Volvo iliyokwisha tumika, alianza kama makanika.

Halafu ikaja Vita vya Pili vya Dunia. Vijana wengi wa Kenya waliingia jeshini, na baadhi wakafunzwa udereva na umakanika wa malori. Walifungua injini Abyssinia na Burma, wakarudi nyumbani 1945 na ujuzi ambao hakuna mtu aliyekuwa tayari kuulipia. Waruhiu Itote wa Mukurweini, ambaye baadaye tulimjua kama Jenerali China, alirudi kutoka Burma akapata kazi ya kuchochea moto kwenye treni. Wewe fikiria: umepigania ufalme wa mtu, umerudi, umepewa sepeto ya makaa.

Msitu wa Nyandarua na wa Mlima Kenya ukawa karakana. Bunduki nyingi za Mau Mau zilitengenezwa kwa mkono. Kipande cha bomba la maji kikawa mtutu, ubao ukachongwa kitako, komeo la mlango likawa kile chuma kinachogonga risasi. Na cha kulivuta komeo? Mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya gari. Wakati mwingine ile bunduki ilimlipukia mwenyewe. Lakini nikiangalia yale yaliyohifadhiwa kwenye majumba ya makumbusho, naona fundi aliyekuwa anajua springi ni nini na akatafuta ya kwake pahali pengine. Ndugu za wale watu, na watoto wao, ndio waliokuja kufungua injini za Peugeot miaka ishirini baadaye.

Baada ya Uhuru shule zilijaa, kazi zikawa chache. Ripoti ya baraza la makanisa ya mwaka 1966 iliuliza vijana waende wapi baada ya darasa la saba, na kutokana nayo vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza. Nyeri, wakulima wa kahawa na wananchi wengine walichanga pesa kuanzia 1972 kujenga taasisi ya ufundi wakaipa jina la Dedan Kimathi. Leo ni chuo kikuu kamili, tangu Desemba 2012. Yaani kahawa ilinunua gari, na kahawa hiyohiyo ikajenga shule ya watakaolirekebisha. Sijui mkoa mwingine uliofunga mduara namna hiyo.

*

Bumu halikukaa. Bei zilianza kushuka, na Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliogawia nchi viwango vya kuuza kahawa ulivunjika. Katika muda mfupi bei ikapungua karibu nusu. Wakati huohuo kuagiza kitu nje kulihitaji leseni ya serikali, na spea zikawa ghali au hazipo. Sasa uko na gari lililonunuliwa kwa bei ya 1977 na unalilisha kwa malipo ya 1990. Utafanya nini? Utavua koti, utajifunza.

Hapo ndipo gereji ilipohamia nyumbani. Kwetu ilikuwa chini ya mparachichi. Tawi moja lilikuwa na alama ya cheni, maana hapo ndipo injini ilipofungwa ikainuliwa, wanaume wanne wakivuta na mmoja akitoa amri. Baba, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hakuwahi kusomea gari, alijua mambo ambayo sasa nayajua na mimi.

Alijua, kwa mfano, kwamba Nyeri si Mombasa. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na Nanyuki unakaribia 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa pwani ikifika huku inamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayoingia, gari linakohoa moshi mweusi na kula pesa. Namna ya kujua ni kutoa plagi na kuisoma. Ikiwa nyeusi na masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo na injini itachemka. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, funga boneti uende nyumbani. Na maji huku huchemka kabla ya kufika digrii 95, kwa hivyo rejeta yenye kutu haina nafasi ya kukusamehe kwenye mlima.

Alijua pia pointi za distributa. Ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana maelfu ya mara kwa dakika, na nafasi kati yao ni karibu milimita 0.4. Zikichomeka unazisugua kwa msasa laini, unapima nafasi, unakaza skrubu, unapima tena kwa sababu ukikaza inasonga. Nimewaona wazee wakipima kwa kipande cha kadi ya kiberiti na gari likawaka. Hiyo si uchawi. Ni mtu aliyepima mara mia moja hadi kidole kikashika kipimo.

Kazi za watoto ziligawanywa. Wavulana walileta spana, walishika tochi, walitukanwa tochi ikisonga. Wasichana walileta chai. Mimi niliingia kwa mlango wa breki. Kutoa hewa kwenye breki kunahitaji watu wawili: mmoja yuko chini anafungua nati ndogo ya gurudumu, mwingine yuko ndani anakanyaga. Binamu zangu walikuwa wameenda mpira, mimi nikawa niko.

"Pampu. Pampu. Pampu. Shikilia!"

Nikashikilia. Pedali ikazama polepole chini ya mguu wangu, na nikasikia oili ikitoka huko nyuma ikitema hewa.

"Usiachilie mpaka niseme."

"Sawa, Baba."

Tulianza na gurudumu la mbali zaidi, tukamalizia la karibu na dereva, na mwisho pedali ikawa ngumu kama ardhi. Nilikuwa na miaka tisa. Sikuulizwa tena kuhusu chai.

*

Mwaka wa 1993 leseni za kuagiza bidhaa ziliondolewa, na Kenya ikajaa magari yaliyotumika Japani. Hayakuwa na haja ya bumu. Mwalimu, nesi, mwenye duka, kila mtu angeweza kujikokota hadi kwa Toyota. Zile Peugeot za familia zilizokuwa zikibeba abiria Nyeri hadi Nairobi, watu wamekaliana magoti, zilikuwa zimeanza kupisha Nissan. Februari 2004 zikaja sheria za John Michuki, mtoto wa Kangema hapa jirani: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano, abiria kumi na wanne na si zaidi. Matatu ikabadilika sura, na Peugeot ikarudi kijijini kustaafu.

Ya guka ilisimama 2009, mwaka aliofariki. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuishughulikia. Kufikia mwisho wa 2021 binamu zangu na anko mmoja walikuwa wameshakubaliana: inauzwa kwa kilo. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu kutoka Karatina alikuwa amekuja, ameigonga bodi kwa ngumi, ametaja bei. Tulikuwa tugawane.

Nyumbani kulikuwa na kikao. Wanaume waliongea: hiyo gari inakula nafasi, inaleta nyoka, spea hakuna, zama zake ziliisha. Cucu alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe, na hakuna aliyemuuliza. Wakati anko aliposema "gari ya mzee", ndipo alipoinua kichwa.

"Mzee gani? Hiyo gari ilinunuliwa na huu mgongo."

Halafu akaeleza, bila kupandisha sauti, jambo ambalo wote tulilijua na hakuna aliyewahi kulisema. Yeye ndiye aliyechuma ile kahawa ya 1976 na 1977. Yeye ndiye aliyepalilia, akabeba debe kwa kamba ya kichwani hadi kiwandani, akasubiri foleni ya kupima mpaka usiku. Lakini mwanachama wa chama cha ushirika alikuwa mwenye shamba, na mwenye shamba kwenye karatasi alikuwa mume. Malipo yakaingia kwa jina lake. Siku Peugeot ilipofika, Cucu aliona gari kwa mara ya kwanza pamoja na majirani, wakipiga vigelegele. Alikalia kiti cha mbele mara ngapi? Alihesabu: siku ya harusi ya shangazi, na siku ya kupelekwa hospitali.

Hii si hadithi ya nyumba moja. Zungumza na nyanya yeyote wa eneo la kahawa atakusimulia yake. Tunaposema "wakulima walipata pesa", neno hilo wakulima linaficha watu.

Kikao kiliisha bila uamuzi. Mnunuzi alikuwa arudi mwisho wa Januari.

Hapa serikali ikatusaidia bila kujua. Tarehe 11 Januari 2022 nguzo za stima za laini ya Kiambere hadi Embakasi zilianguka na nchi ikaingia gizani. Lawama zikaenda kwa wanaoiba vyuma, na tarehe 20 Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma vikuukuu. Mnunuzi wetu akazima simu. Marufuku ilikaa hadi Mei.

Nilikuwa na miezi mitatu na kidogo. Nilikuwa nikifanya kazi mjini Nyeri, kwa hivyo nilikuwa na Jumamosi kama kumi na tano.

Sikuanza na injini. Gari linaloenda na halisimami ni silaha. Nilivua magurudumu yote, mpira wa ndani wa breki ulikuwa umegeuka jiwe, nikaenda Kirinyaga Road jijini, ile wazee bado wanaiita Grogan, nikapata mipya kwa mzee aliyeniuliza mara tatu fundi wangu yuko wapi. Nikamwaga petroli ya miaka kumi na mbili, ilinuka vanishi. Nikatoa plagi, nikatia oili kidogo kwenye kila silinda, nikaiacha ilale wiki, kisha nikazungusha injini kwa spana, kwa mkono, pole pole, kabla ya kuthubutu kuunganisha betri. Ilizunguka. Nikaosha kabureta kwenye karai. Nikasugua pointi, nikapima, nikakaza, nikapima tena.

Tarehe 9 Aprili iliwaka. Iliwaka vibaya, kwa silinda tatu, ikatoa moshi uliofukuza kuku wote. Baba alitoka nje na chaki bado kwenye vidole, akasikiliza, akasema tu, "Waya ya plagi ya tatu." Ilikuwa waya ya plagi ya tatu.

*

Siwezi kukuambia kila mtu arudi kwa gari la kabureta. Zinakunywa petroli, hazina mfuko wa hewa wa kuokoa kifua chako, na moshi wake si wa kujivunia. Kila siku natumia Probox ya mwaka 2012 kama nusu ya mlima huu. Ina kompyuta, na taa ya injini ikiwaka nachomeka kifaa kidogo chini ya usukani, simu inaniambia ni kihisi kipi kinalalamika. Vijana wa gereji za Nyeri na Nanyuki wanafanya hivyo haraka kuliko baba anavyofungua boneti. Ni akili ileile ya kutokubali kwamba mashine ni siri ya mwenye kiwanda. Kinachonitia wasiwasi ni magari yanayokuja ambayo kompyuta yake itafunguka kwa kifaa cha kampuni pekee. Hapo tutakuwa tumerudi spanaboi, tofauti ni kwamba safari hii hatutaona kitu.

Peugeot haikuuzwa. Kitabu chake bado kilikuwa na jina la guka, ikabidi tufuate mambo ya urithi mahakamani, na mahakama inamtambua mjane. Ilichukua mwaka na nusu na faili mbili zilizopotea. Sasa kitabu kina jina la Cucu. Anko alinuna, akazoea.

Miti ya kahawa imebaki themanini. Pahali pa ile mingine Cucu amepanda maparachichi ya Hass, kama majirani wengi, maana wanunuzi wanakuja hadi shambani na wanalipa papo hapo. Msimu ukifika tunapakia kreti kwenye Peugeot, naendesha mimi, yeye anakaa mbele na mkanda umefungwa kama Michuki alivyotaka. Tukifika kwa mizani anashuka mwenyewe, anasoma kilo kwa miwani yake, anabishana kidogo, halafu anatoa simu kwenye sweta. Pesa inaingia kwa namba yake. Anasoma ujumbe wote mpaka mwisho kabla ya kuniambia niwashe gari.